Makazi ya Mwombaji

MAMA MKWE: Haloo, nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, nasukwa.

FUNDI: Mama, shikamoo. Ni mimi.

MAMA MKWE: Marahaba. Wanaojiita mimi ni wengi.

FUNDI: Mimi mkweo. Fundi.

MAMA MKWE: Ah, mkwe! Za siku? Wiki tatu hatujasikia hata nyundo yako.

FUNDI: Nzuri, mama. Nzuri tu. Hapo hamjambo wote?

MAMA MKWE: Hatujambo. Wote ni akina nani?

FUNDI: Wote... waliopo.

MAMA MKWE: Waliopo ni mimi, msusi, Mama Pacha wa nyumba ya pili, mshonaji kaja kunipima gauni, na mkeo. Tuanze na yupi?

FUNDI: Nawasalimu kwa pamoja.

MAMA MKWE: Zimefika. Mkeo hajambo. Yuko jikoni anamenya viazi.

FUNDI: Sijauliza, mama.

MAMA MKWE: Na mimi sijajibu. Nimesema tu.

FUNDI: Mama, nina jambo dogo. La dakika moja.

MAMA MKWE: La dakika moja watu wanatuma ujumbe.

FUNDI: Hili haliandikiki. Leo saa nne kuna mtu atakuja hapo kwako. Ana faili, na ana pima maji ya kuangalia kama vitu vimenyooka. Ni mkaguzi wa leseni.

MAMA MKWE: Leseni ya nini? Mimi nauza nini?

FUNDI: Si yako. Yangu. Kuna sheria mpya. Kuanzia mwezi ujao mtu yeyote anayetengeneza vitu kwenye nyumba za watu kwa malipo lazima awe na kadi.

MAMA MKWE: Hata wa kugonga msumari?

FUNDI: Msumari wa picha ruhusa, kama picha haizidi kilo tano. Ikizidi, leseni. Daraja la tatu, matengenezo madogo ya nyumbani.

MAMA MKWE: Na balbu?

FUNDI: Kubadilisha balbu ruhusa. Kugusa holda ya balbu, hiyo ni leseni ya umeme. Sijaiomba.

MAMA MKWE: Yaani mtu amepanda kiti, ameshika balbu, ni raia mwema. Kidole kikipanda juu kidogo, mhalifu.

FUNDI: Ndivyo ilivyoandikwa, mama.

MAMA MKWE: Msusi anauliza kama na nywele zina daraja.

FUNDI: Nywele sijui. Mimi mtihani wa kuandika nimeshapita. Sabini na nane. Picha ya kadi nimeshapiga, nimefunga na tai.

MAMA MKWE: Wewe, tai? Tai ya nani?

FUNDI: Niliazima kwa yule mshonaji wa mtaa wenu.

MAMA MKWE: Mshonaji anasema umrudishie.

FUNDI: Mshonaji kasikiaje?

MAMA MKWE: Simu iko mezani, nimeweka spika. Nitaishikaje na kichwa changu kiko mikononi mwa mtu?

FUNDI: Kwa hiyo wote wanasikia?

MAMA MKWE: Wenye masikio. Mama Pacha anasema sabini na nane si haba.

FUNDI: Na... jikoni kunasikika?

MAMA MKWE: Kisu kimeacha kumenya.

[mikwaruzo]

FUNDI: Mama, hebu toa hiyo spika.

MAMA MKWE: Nikitoa spika hawa watanirukia. Sema tu, hapa ni nyumbani. Mkaguzi anakuja kwangu kufanya nini?

FUNDI: Kuna kifungu cha kumi na nne. Kabla hujapewa kadi wanakuja kuangalia makazi ya mwombaji. Ile nyumba anayolala. Wanasema mtu hawezi kupewa kadi ya kutengeneza nyumba za wenzake wakati yake inamwangukia.

MAMA MKWE: Hicho kifungu hata mimi ningekiandika.

FUNDI: Ndiyo, mama.

MAMA MKWE: Sasa makazi ya mwombaji si huko kwenu? Mbona—

FUNDI: Kwenye fomu kulikuwa na mstari. Umeandikwa "makazi ya mwombaji". Nikaujaza.

MAMA MKWE: Ukaujaza nini?

FUNDI: Kwako.

[kimya]

FUNDI: Haloo? Mama? Mtandao umekata?

MAMA MKWE: Mtandao upo. Nilikuwa nakuangalia kwa mawazo. Unaishi kwangu tangu lini?

FUNDI: Tangu Jumanne, nilipopeleka fomu.

MAMA MKWE: Na chumba nimekupa kipi?

FUNDI: Mama, nisikilize. Kwangu hakukaguliki. Unakujua. Mlango wa bafu umeegemea ukuta mwaka wa sita, pametundikwa pazia. Dirisha la chumbani ni boksi la friji. Bomba la jikoni nimelifunga kwa mpira wa baiskeli, ukifungua maji yanatoka sehemu tatu, na hata moja siyo mdomoni. Mkaguzi akiingia pale hatafungua faili. Ataita watu wa uokoaji.

MAMA MKWE: Na kwangu?

FUNDI: Kwako nimetengeneza mimi. Makabati, mifereji ya paa, ngazi za nyuma, madirisha yote. Kama ni kazi yangu wanataka kuiona, kazi yangu yote iko huko.

MAMA MKWE: Hilo kweli. Nikifungua kabati linafunguka kama linakwenda harusini.

FUNDI: Basi ndiyo maana.

MAMA MKWE: Mama Pacha anasema hata yeye wageni wake huwaleta hapa waone.

FUNDI: Mshukuru. Sasa ombi langu ni sentensi moja. Akifika, mwambie, "Anaishi hapa, ametoka kidogo." Basi.

MAMA MKWE: Mkwe, mimi sisemi uongo kabla ya chakula cha mchana. Unanivuruga tumbo.

FUNDI: Mchana atakuwa ameshaondoka.

MAMA MKWE: Unaona sasa.

FUNDI: Mama, jana nimekwenda kwenye yale maghorofa ya karibu na posta. Yule mlinzi, miaka minane ananifungulia geti, ananiita ndugu yangu, mwanawe wa kwanza nimemtengenezea kitanda. Kanisimamisha. Kasema, "Kadi." Nikasema sheria inaanza mwezi ujao. Kasema wapangaji wameamua kuanza mapema. Nimesimama nje na sanduku la zana kama nauza maandazi. Wateja wawili wamepiga asubuhi hii, wote wameuliza kadi. Nisipoipata leo, mkaguzi anarudi mitaa hii baada ya miezi tisa.

MAMA MKWE: Miezi tisa utafanya nini?

FUNDI: Nitakaa nyumbani.

MAMA MKWE: Ukikaa nyumbani si utaitengeneza.

FUNDI: Mama.

MAMA MKWE: Nimesikia. Na mbona usije mwenyewe ukae hapa kwenye kiti, uonekane unaishi?

FUNDI: Niliambiwa nisikanyage hapo.

MAMA MKWE: Nani kakuambia?

FUNDI: Mama, iko spika.

MAMA MKWE: Ah. Huyo.

FUNDI: Anaendeleaje?

MAMA MKWE: Sasa umeuliza. Anakula vizuri. Usiku analala. Wiki ya kwanza ilikuwa kila akiingia bafuni anaimba. Mashairi yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti. Nikasema mwanangu ana furaha huyu. Kumbe ni mazoea. Kwenu hamna mlango, anayeingia lazima aimbe watu wajue kuna mtu.

FUNDI: Tulikuwa tunaimba wote.

MAMA MKWE: Ndiyo hivyo. Wiki ya pili akaona mlango wangu unafunga, akanyamaza.

FUNDI: Na huku kimya, mama. Naimba peke yangu.

MAMA MKWE: Unamwimbia nani na uko peke yako?

FUNDI: Mazoea.

[mikwaruzo]

MAMA MKWE: Haya. Tutafute namna. Uliwahi kulala hapa?

FUNDI: Mara moja. Ile mvua kubwa, kwenye kochi.

MAMA MKWE: Basi akiniuliza analala hapa, nitasema amewahi kulala. Akiuliza ametoka lini, nitasema ametoka. Zaidi ya hapo nitakohoa.

FUNDI: Mama, Mungu akupe maisha marefu.

MAMA MKWE: Amin. Mshonaji anasema na yeye atakohoa, ila tai aipate leo. Ngoja. Ngoja, ngoja. Kuna pikipiki.

FUNDI: Saa nne bado! Ni saa tatu na—

MAMA MKWE: Viatu vinang'aa. Faili anayo. Karibu, baba, karibu! Pita, usivue, pita tu! Mama Pacha, msogezee kile kiti kizuri, si hicho!

FUNDI: Mama, usikate. Ficha simu. Usi—

MAMA MKWE: Nani asikate? Ipo tu hapa kwenye kitambaa. Ongea kidogo kidogo.

FUNDI: Anasemaje?

MAMA MKWE: Anasema hataki chai. Sasa amepewa chai.

FUNDI: Anafanya nini?

MAMA MKWE: Anakunywa. Ameuliza makabati haya nani ametengeneza. Nimesema mkwe wangu. Huo si uongo.

FUNDI: Vizuri. Vizuri sana.

MAMA MKWE: Ameinuka. Amefungua kabati. Amelifunga. Amelifungua tena. Amelifunga kwa kidole kimoja. Huyu mtu kwake hakuna kabati.

FUNDI: Ameandika?

MAMA MKWE: Ameandika, na amepiga alama ile kama mkia wa mjusi.

FUNDI: Hiyo ni ya kufaulu! Hiyo ni ya kufaulu, mama!

MAMA MKWE: Punguza sauti, meza inatetemeka. Sasa yuko nyuma kwenye ngazi. Ameweka kile kipimo chake. Amelala chini kabisa kuangalia, suruali ile safi. Mama Pacha anamwambia dirisha lake nalo halifungi, kama anaweza kupita.

FUNDI: Mwambieni Mama Pacha huyo si fundi, ni mkaguzi!

MAMA MKWE: Ameshamwambia. Anarudi. Alama ya mjusi tena. Anasema miaka yote hii hajaona ngazi za fundi wa mtaani zilizonyooka hivi.

FUNDI: [anapumua] Kasema hivyo?

MAMA MKWE: Kwa mdomo wake. Msusi ameacha kunisuka, anasikiliza. Nusu ya kichwa changu iko wazi. Sasa mkaguzi anauliza... anauliza mwombaji analala chumba kipi.

FUNDI: Kohoa.

MAMA MKWE: [anakohoa]

FUNDI: Endelea.

MAMA MKWE: Mshonaji naye amekohoa. Mama Pacha amekohoa. Mkaguzi anauliza kama nyumba hii ina ugonjwa. Ah.

FUNDI: Ah nini?

MAMA MKWE: Mkeo ametoka jikoni.

FUNDI: Anasema nini?

MAMA MKWE: Bado. Anafuta mikono.

FUNDI: Mama—

MAMA MKWE: Amesema. Kasema, "Haishi hapa. Anayeishi hapa ni mimi, wiki ya tatu sasa."

FUNDI: Kamwambia mkaguzi?

MAMA MKWE: Usoni. Na kisu cha viazi mkononi. Mkaguzi ameandika.

FUNDI: Ameandika kisu?

MAMA MKWE: Ameandika wiki tatu. Nyamaza kidogo, anaendelea. Kasema... ngoja nisikie... kasema, "Hii kazi unayoisifu ni Jumamosi zangu. Kila Jumamosi anabeba sanduku anakuja huku. Hilo kabati ni mwaka wetu wa kwanza. Hizo ngazi ni siku yangu ya kuzaliwa. Na hilo dirisha hapo—"

FUNDI: Asiseme hilo dirisha.

MAMA MKWE: "—hilo dirisha ni siku niliyotoka hospitali."

[kimya kirefu, mikwaruzo]

MAMA MKWE: Mkwe. Upo?

FUNDI: Nipo.

MAMA MKWE: Siku ya dirisha nilikuita mimi.

FUNDI: Ndiyo, mama.

MAMA MKWE: Mvua ilikuwa inaingia mpaka kitandani. Sikujua ni siku ileile. Hakuniambia.

FUNDI: Mimi aliniambia hakuna haja ya kumfuata. Kasema atachukua tu teksi, mikono yake iko mitupu, hana cha kubeba.

MAMA MKWE: Na wewe ukaja na dirisha langu.

FUNDI: Nilimaliza saa kumi. Nilipofika nyumbani alikuwa amelala. Nikaona nisimwamshe.

MAMA MKWE: Hapa kila mtu anaangalia miguu yake.

FUNDI: Toa spika, mama.

MAMA MKWE: Nimetoa. Nimeshika mwenyewe. Kumbe sote wawili—

FUNDI: Tuache, mama. Mkaguzi amesemaje?

MAMA MKWE: Mkaguzi amekunywa chai iliyobaki yote kwa mpigo. Anauliza, basi makazi ya mwombaji yako wapi? Mkeo kamjibu, "Twende nikuonyeshe."

FUNDI: Akuonyeshe nini?

MAMA MKWE: Amuonyeshe! Makazi! Ameingia ndani. Ametoka. Amebadilisha viatu. Anapanda nyuma ya pikipiki.

FUNDI: Wanakuja huku? Mama, mimi niko huku!

MAMA MKWE: Makazi yako, ulitaka uwe wapi?

FUNDI: Mzuie! Mwambie chai nyingine!

MAMA MKWE: Wameshawasha. Na amechukua begi.

FUNDI: Begi gani?

MAMA MKWE: Begi.

FUNDI: La mkononi au lile la nguo?

MAMA MKWE: Mimi sijalifungua. Nimeona tu zipu imegoma kufika mwisho.

FUNDI: Ana maana gani?

MAMA MKWE: Maana yake ni nzito, mkaguzi kaenda amelipakata mbele kama mtoto. Wewe umebaki unauliza maana. Barabara ya shule imechimbwa, watazunguka sokoni. Una robo saa. Unaanza na nini?

FUNDI: Bomba. Hapana, dirisha. Dirisha linaonekana kutoka barabarani.

MAMA MKWE: Mwanangu ameimba miaka sita kwa sababu ya dirisha?

FUNDI: Mlango.

MAMA MKWE: Sasa unaongea kama mkwe.

FUNDI: Nakuweka spika. Nakuweka juu ya ndoo, mama, unisamehe.

MAMA MKWE: Niweke popote. Na mimi nimerudisha yangu, hawa watu wanakaribia kulia.

[sauti ya kitu kizito kinaburutwa]

MAMA MKWE: Hicho nini?

FUNDI: Mlango. Nyuma yake kuna... kumbe mkasi wake ulikuwa huku. Na kandambili moja. Haya. Chini umevimba kwa maji, lazima nipige randa.

[sauti ya randa]

MAMA MKWE: Mshonaji anaangalia saa. Dakika tatu zimekwenda.

FUNDI: Bawaba! Bawaba niliziweka wapi, nilikuwa na bawaba... Mama, bawaba zipo kwenye droo ya vijiko. Kwenye mfuko wa karatasi. Na skrubu zake zote, zimefungwa kwa uzi.

MAMA MKWE: Uliziweka wewe?

FUNDI: Mimi sifungi kitu kwa uzi.

MAMA MKWE: Endelea kugonga.

[sauti ya drili, mikwaruzo]

FUNDI: Bawaba ya juu imeingia.

MAMA MKWE: Mama Pacha anasema Mungu mkubwa.

FUNDI: Ya chini imeingia. Unasimama, mama. Mlango unasimama wenyewe!

MAMA MKWE: Kitasa?

FUNDI: Naweka. Kimeingia. Mkono wa nje umeingia. Muda gani?

MAMA MKWE: Mshonaji anasema dakika kumi na mbili.

FUNDI: Dakika kumi na mbili.

MAMA MKWE: Ndiyo.

FUNDI: Mama, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na mbili.

MAMA MKWE: Nimesikia.

FUNDI: Usimwambie.

MAMA MKWE: Mimi simwambii. Lakini hapa yuko Mama Pacha.

FUNDI: Najaribu kama unafunga. Niko ndani. Nafunga.

[sauti ya kitasa: klak]

MAMA MKWE: Umefunga?

FUNDI: Umefunga vizuri sana.

MAMA MKWE: Hongera, baba!

FUNDI: Mkono wa ndani sijauweka.

MAMA MKWE: Uweke basi.

FUNDI: Uko nje, juu ya meza. Na bisibisi.

MAMA MKWE: Kwa hiyo wewe uko wapi?

FUNDI: Niko bafuni, mama. Na pikipiki naisikia.

MAMA MKWE: Nyamazeni nyote! Wamefika! Imekuwaje?

FUNDI: Wanaingia. Naongea chini chini. Mkaguzi anasema hodi. Yeye hasemi hodi.

MAMA MKWE: Ni kwake, aseme hodi ya nini?

FUNDI: Mkaguzi anauliza, "Fundi yuko wapi?" ...Amesimama. Nadhani ameuona mlango.

MAMA MKWE: Nani kasimama, mkaguzi au mwanangu?

FUNDI: Viatu vya mkaguzi vinalia. Hivi havilii.

MAMA MKWE: Anasema nini?

FUNDI: Hasemi. Anapitisha mkono kwenye mbao. Nasikia mkono.

MAMA MKWE: Mkono unasikikaje—

FUNDI: Unasikika, mama.

[kitasa kinafunguka]

FUNDI: Amefungua mkaguzi. Tumeangaliana.

MAMA MKWE: Umemwambia nini?

FUNDI: Hakunipa nafasi, amefunga tena.

MAMA MKWE: Amefunga?

FUNDI: Anapima. Amefungua. Tumesalimiana. Amefunga. Nasikia anaweka pima maji juu. Ameandika.

MAMA MKWE: Mjusi?

FUNDI: Sioni, niko ndani. Sasa anatembea. Yuko kwenye dirisha. Anauliza boksi ni la friji ya lita ngapi. Yuko jikoni. Amefungua bomba.

MAMA MKWE: Na?

FUNDI: Anaomba taulo.

MAMA MKWE: Yesu na Maria.

FUNDI: Anazungumza sasa. Anasema kuandika makazi ya uongo ni kosa, fomu inachanwa. Lakini mkaazi mwenyewe akisahihisha kabla ukaguzi haujaisha, haihesabiwi uongo, inahesabiwa masahihisho. Kifungu kipo. Anasema mlango umepita. Dirisha limeanguka. Bomba anasema hataki kulizungumzia.

MAMA MKWE: Kadi! Uliza kadi!

FUNDI: Kadi ya muda. Siku kumi na nne. Nafanya kazi, nikiwa natengeneza dirisha na bomba, halafu anarudi kuangalia. Lakini—

MAMA MKWE: Lakini nini?

FUNDI: Lazima mkaazi mwingine wa nyumba hii asaini kwamba atakuwepo siku zote kumi na nne na atashuhudia. Asipopatikana mkaazi mwingine, hakuna kadi. Anauliza, "Kuna mkaazi mwingine?"

[kimya, mikwaruzo]

MAMA MKWE: Haloo? Usipotee sasa! Kasemaje?

FUNDI: Hajasema. Nasikia karatasi. Anasoma.

MAMA MKWE: Anasoma mpaka wapi?

FUNDI: Anasoma yote. Nasikia anageuza, mpaka nyuma, maandishi yale madogo.

MAMA MKWE: Tangu shule ni hivyo, hasaini kitu bila kukimaliza. Msusi, unanivuta.

FUNDI: Ameomba kalamu.

MAMA MKWE: Ameomba kalamu!

[kelele za watu]

FUNDI: Anaandika, nasikia kalamu.

MAMA MKWE: Nyie, tulieni! Anaandika nini?

FUNDI: Mkaguzi anasoma kwa sauti. Jina, sawa. Sahihi, sawa. Anamwambia kuna sehemu moja ameiruka. "Uhusiano na mwombaji."

MAMA MKWE: Kaiacha wazi?

FUNDI: Kaiacha wazi. Mkaguzi anasema lazima ijazwe.

MAMA MKWE: Na yeye?

FUNDI: Kasema ataijaza siku ya kumi na nne.

MAMA MKWE: Mkaguzi kakubali?

FUNDI: Kagonga muhuri. Anaondoka. Mama, salio langu linalia.

MAMA MKWE: Na begi? Begi liko wapi?

FUNDI: Nililiona mlangoni, mkaguzi alipofungua. Sasa... nasikia linaburutwa.

MAMA MKWE: Linaburutwa kwenda ndani au kutoka?

FUNDI: Mama, salio—

MAMA MKWE: Ndani au nje, mkwe!

FUNDI: Ananiita. Anasema nisitoke bado, kwanza nimwambie naanza na bomba au na dirisha, maana hizo ndizo kazi za— mama, ahsante, nitapiga— na kuhusu Jumamosi, Jumamosi hizi mbili—

[simu imekatika]

MAMA MKWE: Haloo? Jumamosi hizi mbili nini? Haloo? Mkwe? Imekata. Haya, msusi, malizia kichwa. Mshonaji, wewe Jumamosi huwa unafanya nini?